Volti Zinacheza, Alternata Nzima: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Chaji ya Gari

Mita ndogo za volti za kuchomeka kwenye soketi ya sigara siku hizi zinauzwa kwa bei ya karanga, na barua kuhusu chaji ya alternata, ile mashine inayozungushwa na injini kuzalisha umeme wa gari, zimeongezeka nazo. Tumechagua sita. Karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: mbona namba haitulii?

Nina Nissan X-Trail T31 ya petroli. Nikiwasha asubuhi mita inasoma 14.2. Baada ya kilomita chache inashuka hadi 12.7, nikipanda mlima inafika 12.5, na nikiachia mafuta inaruka hadi 14.6. Fundi alisema alternata imekufa, tukafunga ya mtumba. Hali ni ileile. Sasa anasema hiyo nayo mbovu, tutafute nyingine. Taa ya betri kwenye dashibodi haijawahi kuwaka na gari halijawahi kugoma. Nifanyeje? – Msomaji, Morogoro

Usinunue ya tatu. Na kama ile ya kwanza bado iko gereji, ifuate, huenda haikuwa na kosa lolote.

Alternata mbili zilizotoka magari tofauti ni nadra sana ziugue ugonjwa mmoja kwa namba zilezile. Unachokiona kinatoka kwenye kompyuta ya gari, na T31 ilitengenezwa hivyo.

Kwenye gari la zamani, tuseme Corolla ya miaka ya 1990, regyuleta iliyo ndani ya alternata ilikuwa na kazi moja: kushika volti palepale, kati ya 13.8 na 14.4, betri ijae isijae. Fundi akikuta 12.7 injini ikiwa inaunguruma, alikuwa na haki ya kusema alternata haichaji. Kipimo hicho kilikuwa sahihi kwa gari lile. Kwa gari lako kinadanganya.

Fungua boneti uangalie waya wa hasi wa betri. Karibu na terminali kuna kidude cha plastiki chenye plagi yake. Hiyo ni sensa ya mkondo, na kazi yake ni kuhesabu ampea zinazoingia na kutoka kwenye betri. Hesabu inakwenda kontrol boksi ya injini, yaani ile kompyuta, ambayo huamua volti zinazohitajika kwa wakati huo. Amri inapitia boksi la fyuzi la kielektroniki lililo chini ya boneti na kumfikia regyuleta kama mapigo ya umeme. Pigo likirefuka, koili ya rota (sehemu inayozunguka ndani ya alternata) inapata umeme zaidi, sumaku yake inakaza na volti zinapanda. Likifupika, zinashuka.

Usumbufu wote huu ni kwa ajili ya mafuta. Alternata inayotoa ampea 70 kwa volti 14 inatoa wati 980. Lakini alternata hupoteza sehemu kubwa ya nguvu inayopokea kupitia mkanda, hugeuka joto, kwa hiyo injini inatoa kama wati 1,600 ili upate hizo 980. Hizo ni zaidi ya nguvu 2 za farasi. Betri ikiwa imejaa, hakuna haja ya kuilipia chaji.

Sasa rudi kwenye namba zako. Ile 14.2 ya asubuhi ni kurudisha umeme ulioliwa na stata. Ile 12.7 ina maana kompyuta imeona betri imeshiba, ikashusha volti hadi mahali ambapo karibu hakuna ampea inayoingia wala kutoka. Alternata bado inabeba taa, pampu ya mafuta na plagi za cheche. Ukipanda mlima kompyuta inaipunguzia injini mzigo. Ukiachia mafuta mteremkoni, nozeli zinafunga, magurudumu ndiyo yanayozungusha injini, na umeme wa wakati huo haugharimu hata tone la petroli. Ndiyo maana hapo inaruka 14.6: inavuna cha bure.

Hayo ni maelezo, lakini usiyaamini bila kupima. Weka mita kwenye terminali za betri zenyewe, maana waya mwembamba wa soketi, fyuzi yake na ethi yake (njia ya umeme kurudi kupitia bodi) huweza kula volti 0.2 hadi 0.5, hasa ukichomeka na chaja ya simu pembeni. Anza gari likiwa limelala usiku kucha. Betri iliyojaa itasoma 12.6 au zaidi, robo tatu ni 12.4, nusu 12.2, na 12.0 ni robo tu. Ukikuta chini ya 12.4, ichaji kwanza kwa chaja ya nje ndipo uendelee, maana kompyuta inayolisha betri yenye njaa haitafanya yale tunayoyaeleza hapa. Kisha mwenzako apige stata huku ukitazama mita. Isishuke chini ya 9.6.

Injini ikishawaka, iache silensa (ikiunguruma bila kukanyaga mafuta) dakika mbili. Washa taa kubwa, feni ya kiyoyozi hadi mwisho na hita ya kioo cha nyuma, halafu shikilia resi kwenye mizunguko 2,000. Magari mengi ya namna hii yatapandisha volti kuelekea 13.5 hadi 14.5 baada ya muda mfupi. Zikipanda, alternata inatii.

Zikigoma kupanda, bado usimhukumu. Zima gari, toa ufunguo, chomoa plagi ndogo ya sensa ya mkondo, uwashe tena. Mfumo wa Nissan ukikosa sensa hiyo, regyuleta hurudi kufanya kazi kama za zamani na kushika volti 14 na ushee bila kuyumba. Taa ya injini inaweza kuwaka, na mashine ya kupimia ikasoma kodi (namba za hitilafu) kati ya P1550 na P1554. Hizo ni za sensa uliyoichomoa, zifute ukimaliza. Ukipata 14 iliyotulia huku mizigo yote imewashwa, alternata yako ni nzima na mjadala umekwisha. Ukibaki chini ya 13 kwenye mizunguko 2,000, hapo ndipo mkanda, nyaya na alternata vinaanza kushukiwa, kwa mpangilio huo.

Mwenye mashine ya kupimia inayoweza kutoa amri kwa Nissan ana njia safi zaidi: aweke amri ya alternata kwenye asilimia 40 na kusoma volti baada ya sekunde 2. Zinatakiwa kuwa kati ya 12 na 13.6. Kisha apandishe hadi asilimia 80 na kusubiri sekunde 20. Volti zinatakiwa kuongezeka kwa angalau 0.5 kuliko mwanzo. Kipimo hiki kinajaribu mlolongo mzima, kuanzia kontrol boksi hadi regyuleta, na hakihitaji kufungua hata nati moja.

Nyaya zinapimwa injini ikiwa inaunguruma na mizigo imewashwa. Ncha moja ya mita iweke kwenye boliti nene ya kutolea umeme ya alternata, nyingine kwenye terminali chanya ya betri. Ukisoma zaidi ya 0.3, kuna kutu au nati iliyolegea njiani. Halafu bodi ya alternata na terminali hasi: ikizidi 0.2, waya wa ethi wa injini unataka kusafishwa. Hapa pwani, ambako chumvi inakula kila kitu, ethi ndiyo ya kuanza nayo.

Dayodi, vipande vinavyonyoosha umeme wa alternata uwe wa kufaa betri, zinapimwa kwa upande wa AC (umeme wa kubadilika uelekeo) wa mita, bado kwenye betri. Alternata nzima haifiki AC 0.1. Ikipita 0.5, dayodi moja au zaidi imekufa. Tahadhari moja: zile mita ndogo za njano za bei ya chini haziwezi kipimo hiki. Ukiziweka AC kwenye betri zinaonyesha karibu 30, na wapo waliouziwa alternata kwa namba hiyo. Ili kujua mita yako ni ya aina gani, ipime AC kwenye betri ambayo haijaungwa na kitu chochote. Isiposoma sifuri, itumie kwa kazi nyingine.

Namna volti zinavyocheza ina maana kuliko namba zenyewe. Kompyuta hubadili volti kwa utulivu, na mara nyingi utaona zinafuata mguu wako, taa ulizowasha au hali ya betri. Ubovu haufuati kitu. Taa zikipepesa haraka silensa na kutulia ukipiga resi, angalia kaboni (vijiti vinavyopeleka umeme kwenye rota) zilizoisha au plagi ya alternata iliyolegea. Volti zikianguka kila ukiwasha taa na kiyoyozi pamoja na mlio mkali kutoka mbele, mkanda unateleza. Zikikaa juu ya 15 muda wote, regyuleta imeshindwa kujizuia na betri itachemka.

Na tafadhali, asikuchomolee mtu terminali ya betri injini ikiwa inaunguruma ati anapima alternata. Betri ndiyo inayomeza miruko ya umeme. Ukiiondoa ghafla wakati alternata inatoa ampea nyingi, volti zinaweza kuruka mara mbili ya kawaida na zaidi kabla regyuleta haijashtuka, na kinachoungua ni kontrol boksi. Gari lenye kabureta lilivumilia mchezo huo. Hili halivumilii.

Nina Nissan Note E12. Nilifunga amplifaya na spika kubwa, fundi wa muziki akapitisha nyaya mbili nene moja kwa moja hadi kwenye betri, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Tangu hapo nimebadilisha betri mara mbili, na injini haizimi tena yenyewe kwenye foleni kama zamani. Alternata imepimwa, nzima. – Msomaji, Mombasa

Kosa liko kwenye waya mmoja, na linarekebishwa kwa spana namba 10.

Sensa ya mkondo imekaa kati ya terminali hasi na bodi ya gari. Umeme wote unaotoka au kuingia kwenye betri unatakiwa upite hapo ili uhesabiwe. Hasi ya amplifaya yako imefungwa kwenye terminali yenyewe, upande wa betri wa sensa, kwa hiyo umeme wake unapita uchochoroni.

Angalia madhara yake mara mbili. Injini ikiwa imezimwa unasikiliza muziki, amplifaya inavuta tuseme ampea 10. Kwa saa mbili betri imepoteza 20, yaani theluthi ya betri ya ampea-saa 60. Kompyuta haijaona hata moja. Kisha unawasha gari na kuendelea na muziki. Sasa alternata ndiyo inayoilisha amplifaya, na umeme huo ukirudi unaingia terminali hasi, unapita kwenye sensa kutoka betri kwenda bodi, uelekeo uleule unaopitwa na chaji. Kompyuta inasoma kwamba betri inapokea ampea 10, kumbe haipokei kitu. Makosa yote mawili yanaelekea upande mmoja: kwenye daftari la kompyuta betri imeshiba, kwa hiyo inashusha volti, na betri yenyewe inabaki na nusu tumbo wiki baada ya wiki. Betri ya risasi ikikaa hivyo sahani zake zinaota salfeti na haijazi tena. Hiyo ndiyo iliyoua mbili za kwanza.

Ng'oa hasi ya amplifaya kwenye betri uifunge kwenye chuma cha bodi, mahali palipokwanguliwa rangi hadi chuma king'ae, kisha paka grisi juu ya boliti. Chanya ibaki ilipo, yenye fyuzi isiyozidi sentimita 30 kutoka betri. Fanya vivyo hivyo kwa tracka, taa za ziada, pembe na kila kilichofungwa baada ya gari kutoka kiwandani.

Sheria hiyohiyo inahusu chaja na kubusti. Ukichaji betri ikiwa garini, klipu nyeusi iweke kwenye bodi au chuma cha injini, si kwenye terminali. Ukiiweka kwenye terminali utajaza betri vizuri, lakini kompyuta haitajua.

Kuhusu injini kutozima kwenye foleni: kompyuta ya Note huweka jumla ya umeme uliowahi kutoka kwenye betri, na kwa jumla hiyo inakadiria uzee wake. Ukibadilisha betri bila kuifuta, inaendelea kuhesabu uzee wa marehemu. Fundi mwenye mashine ya Nissan anaifuta kwa dakika chache. Pia soma lebo ya betri uliyonunua. Betri za Kijapani za magari yanayozima foleni zina majina kama M-42, N-55 au Q-85. Ukiona 46B24 au 55D23 peke yake, hiyo ni ya kawaida. Itawasha gari, lakini haikuundwa kwa kazi ya kupigwa stata mara 40 kwa siku.

Honda Fit yangu ya 2005 inasoma 12.5 silensa taa zikiwa zimezimwa. Nikiwasha taa kubwa inapanda 14.4. Si ingetakiwa kushuka? – Msomaji, Nairobi

Kwa gari la zamani, ndiyo, ingeshuka kidogo. Kwa Honda hapana, na wao walianza mchezo huu mapema kuliko wengi, kabla ya sensa za kwenye waya wa hasi kuenea. Ndani ya boksi la fyuzi chini ya boneti kuna kipimo cha mzigo wa umeme. Mzigo ukiwa mdogo, kontrol boksi inauvuta waya wa amri wa alternata, ulioandikwa C, hadi ethi na volti zinashuka hadi 12 na nusu hivi. Mzigo ukiongezeka inauachia, na alternata inapanda juu ya 14. Gari lako linafanya kazi yake.

Likianza kukaa 12.5 hata taa na kiyoyozi vikiwa vimewashwa, zima injini, uchomoe plagi ya pini nne ya alternata, utoe ile pini ya C tu, uifunge kwa utepe na kurudisha plagi. Bila C alternata hubaki juu. Ikipanda 14.4, alternata nzima, na tatizo liko kwenye kipimo cha mzigo au waya wake. Kodi P1297 na P1298 zinakihusu. Kosa linalojulikana ni risasi ya kulehemu kupasuka ndani ya kipimo hicho, na fundi wa redio mwenye mkono mtulivu anaweza kuigusa upya.

Tuna Ford Ranger ya safari yenye betri ya pili nyuma kwa ajili ya friji, imeungwa kwa ile rilei (suichi ya umeme) inayojifunga yenyewe na kuunganisha betri mbili volti zikipanda. Tukiendesha kutwa nzima kwenda Serengeti, tukifika betri ya nyuma haina kitu. Kwenye gari letu la zamani mfumo huohuo ulifanya kazi miaka mingi. – Msomaji, Arusha

Rilei hiyo ilibuniwa kwa alternata za zamani. Kwa kawaida inafunga volti zikifika kama 13.3 na kufungua zikishuka 12.8. Gari la zamani lilikaa 14 kutwa nzima, kwa hiyo rilei ilifunga asubuhi na kufungua jioni. Ranger yenye chaji ya kompyuta inaijaza betri ya mbele kwa nusu saa au saa moja, kisha inashuka 12.6 na rilei inaachia. Kuanzia hapo friji inakula betri ya nyuma peke yake, na mteremko unaofunga rilei kwa dakika mbili hauwezi kufidia.

Baadhi ya mafundi hudanganya kwa kuwasha taa kubwa safari nzima ili volti zisishuke. Wakati mwingine inasaidia, ila unachoma mafuta na balbu, na volti 13.8 za mbele zikipita mita tano za waya mwembamba zinafika nyuma zikiwa 13.2. Betri haijai kwa hiyo.

Toa rilei ufunge chaja ya DC kwa DC karibu na betri ya nyuma. Hiyo inapokea volti 12 au 15, chochote kinachokuja, na kutoa chaji kamili ya hatua tatu. Kwa betri ya ampea-saa 100, chaja ya ampea 25 inatosha. Chagua inayowashwa na waya wa suichi ya gari, si ile inayongoja volti kupanda, vinginevyo utarudi palepale. Kwa umbali wa mita tano tumia waya wa milimita 16 za mraba, na fyuzi ya ampea 40 kila mwisho. Hasi ya chaja ifungwe kwenye chasisi kwa sababu tulizomweleza msomaji wa Mombasa. Ukiifunga kwenye terminali ya betri ya mbele, kompyuta itadhani betri yake inapokea ampea 25 na kupanga volti kwa hesabu ya uongo.

Usikubali kufungiwa alternata ya kizamani ili kuondoa kompyuta. Kontrol boksi itakosa majibu kutoka kwa alternata, taa ya betri itawaka, na utakuwa umenunua tatizo jipya kwa pesa nyingi kuliko chaja.

Probox ya 2006 inasoma kati ya 14.9 na 15.3 wakati wote, balbu zinaungua na betri inakauka maji. Hii nayo ni kompyuta? – Msomaji, Kigoma

Hapana, huu ni ubovu. Toyota nyingi za kipindi hicho zina plagi ya alternata yenye pini IG, S na L. S ndiyo jicho la regyuleta, inasoma volti za betri kupitia waya mwembamba na fyuzi iliyoandikwa ALT-S, kwa kawaida ampea 7.5. Fyuzi hiyo ikiota kutu, au pini ikilegea, jicho linaona volti pungufu na regyuleta inaongeza ili kufidia kilichopotea njiani. Pima S kwenye plagi ya nyuma ya alternata: inatakiwa kulingana na betri, tofauti isizidi 0.2. Ikilingana na bado unasoma 15, badilisha regyuleta peke yake, pamoja na kaboni zake kwa kuwa umeshafungua. Kununua alternata kamili hakuhitajiki. Ongeza maji safi ya betri, si ya bomba, na ukague kama imevimba ubavuni. Ikiwa imevimba, iage.

Fundi alipima waya mnene wa alternata ya Mazda Atenza yangu ya 2013 akakuta volti 22. Aliruka! Betri inasoma 13. Tuliiacha hivyo kwa hofu. – Msomaji, Dodoma

Mlifanya vizuri kuiacha. Mazda yako ina mfumo unaoitwa i-ELOOP. Alternata yake hutoa kati ya volti 12 na 25, na umeme wa kupunguza mwendo unahifadhiwa kwanza kwenye kapasita kubwa, si kwenye betri. Kutoka hapo kigeuzi kinaushusha hadi volti za kawaida za gari. Kwa hiyo 22 kwenye alternata na 13 kwenye betri ni namba sahihi kwa wakati mmoja.

Ila mwambie fundi mambo mawili. Waya ule usiungwe na kitu chochote, hata taa ya majaribio ya volti 12, wala klipu ya kubusti. Na kapasita hubaki na umeme baada ya gari kuzimwa na betri kuchomolewa, kwa hiyo spana ikigusa boliti yake na bodi itapiga cheche kubwa na kuyeyusha chuma. Kazi ya kuifungua ifanywe baada ya kuhakikisha kwa mita kwamba imeisha umeme.